Safari ya gari la nyumba hadi Maonyesho ya Iowa: mambo ya kupanga kabla ya kuondoka

Wazazi wengi wa Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale wenye watoto Marekani huenda kuwatembelea miezi ya Julai na Agosti, wakati shule za huko zimefungwa. Mara nyingi safari hiyo huishia sebuleni. Mtoto yuko kazini kutwa, wajukuu wameinamia simu, na mzee anahesabu siku za kurudi nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini katika nyumba ya ghorofa kule Chicago au Minneapolis jembe lenyewe halipo.

Njia moja ya kuitengeneza ziara hiyo ni familia nzima kukodi gari la nyumba, lile ambalo Wamarekani huliita kwa herufi mbili tu, RV, na kwenda kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo. Ni safari inayowezekana, lakini ina mitego yake kwa mgeni kutoka Pwani: stima, choo, chakula, dhoruba na hesabu ya pesa. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mfano wa Maonyesho ya Jimbo la Iowa, mojawapo ya makubwa na ya zamani zaidi nchini humo.

Maonyesho yenyewe ni nini

Aliyewahi kwenda Shoo ya Mombasa kule Mkomani ana picha ya mwanzo: ng'ombe wa mashindano, mabanda ya taasisi, bembea za watoto na vyakula. Maonyesho ya Iowa ni hayo hayo, ila yamekuzwa mara nyingi. Yalianza mwaka 1854 katika mji wa Fairfield, na tangu mwaka 1886 yako mahali pamoja, upande wa mashariki wa jiji la Des Moines, kwenye uwanja wa zaidi ya ekari 400. Hufanyika siku 11 mwezi wa Agosti na huvuta zaidi ya watu milioni 1 katika miaka mingi.

Kinachoyatofautisha na kiwanja cha michezo tu ni kwamba bado ni ya wakulima. Watoto wa vijijini hulea ndama, kondoo au nguruwe mwaka mzima kupitia vyama vya vijana vya 4-H na FFA, kisha huwaleta kushindanishwa. Kuna shindano la nguruwe dume mzito kuliko wote, ambaye huweza kupita kilo 450. Kuna pia ng'ombe aliyefinyangwa kwa siagi, kivutio cha tangu mwaka 1911, anayekaa ndani ya chumba cha vioo chenye baridi. Mwandishi Phil Stong, mzaliwa wa Iowa, alitunga riwaya juu ya familia ya wakulima inayokwenda kwenye maonyesho haya. Ilitoka mwaka 1932 na ikatengenezwa filamu. Na kwa kuwa Iowa imekuwa na uzito katika uchaguzi wa rais, wagombea hupita hapo kula mbele ya kamera na kuhutubia.

Kwa nini gari la nyumba

Sababu kubwa ni malazi. Wiki ya maonyesho, hoteli za Des Moines hujaa na bei hupanda. Ndani ya eneo la maonyesho, hata hivyo, kuna uwanja wa kambi wenye nafasi zaidi ya 2,000 zenye maji na stima. Ziko familia za Iowa zinazoweka kambi hapo kila mwaka, babu hadi mjukuu, na jioni jirani humtembelea jirani kama mtaani kwetu.

Sababu ya pili ni jiko. Kwa familia inayochunga halali, kuwa na jiko na friji yako kunaondoa nusu ya shida za safari. Sababu ya tatu ni wazee: mtu mwenye miguu mizito anaweza kurudi kujinyoosha adhuhuri na kutoka tena jioni.

Ila usidhani ni njia ya bei nafuu. Kwa watu wawili, gari dogo na hoteli ya mji wa jirani huenda ikawa rahisi zaidi. Gari la nyumba huanza kuleta maana pale mnapokuwa watu watano au sita na mnapika wenyewe.

Kuchagua gari

Magari ya kuendeshwa yana madaraja matatu. Daraja A lina umbo la basi na ni kubwa kuliko yote. Daraja B ni dogo, kama matatu iliyogeuzwa chumba. Linafaa watu wawili. Daraja C limejengwa juu ya lori dogo, na kitanda kimoja kiko juu ya kichwa cha dereva. Hilo ndilo linalokodishwa zaidi kwa familia, na urefu wake ni kama futi 25 hadi 30, yaani mita 7.6 hadi 9. Yapo pia matrela ya kukokotwa, lakini hayo yanataka gari lenye nguvu na dereva aliyezoea kurudi kinyumenyume. Mgeni aachane nayo.

Kampuni nyingi hutaka dereva awe na umri wa miaka 21 au 25. Leseni ya Kenya iliyo hai pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho hutolewa na AA ya Kenya, kwa kawaida hutosha kwa mgeni. Hata hivyo, katika familia nyingi ni busara usukani akamate yule anayeishi Marekani. Kule gari hukaa kulia mwa barabara, na si vizuri mtu ajifunze upande mpya akiwa na chombo cha mita 9.

Dereva yeyote wa mara ya kwanza ashike haya:

Kwanza, urefu wa gari kwenda juu. Daraja C huwa na kimo cha mita 3.4 au zaidi. Andika kimo hicho kwenye karatasi uibandike mbele ya usukani. Mapaa ya vituo vya petroli, vibanda vya kununulia chakula bila kushuka na matawi ya miti ndivyo vinavyoyaharibu magari haya mara kwa mara.

Pili, mkia. Ukikata kona, sehemu ya nyuma husukumwa upande wa pili. Nenda mbele zaidi kabla ya kupinda.

Tatu, mwendo. Barabara kuu za mashambani Iowa huruhusu maili 70 kwa saa, yaani kilomita 113. Usizifikie. Maili 60 zinatosha, hasa siku ya upepo.

Nne, basi la shule la manjano likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama.

Tano, gari likiwa mwendoni kila mtu akae kitini na mkanda. Jikoni hakuingiwi, na kitanda kilicho juu ya dereva si mahali pa watoto kulala gari linapokimbia.

Njia na hesabu ya mafuta

Des Moines iko pale barabara kuu mbili zinapokutana: I-80 ya mashariki hadi magharibi na I-35 ya kaskazini hadi kusini. Kutoka Minneapolis ni kama maili 245 (kilomita 390). Kutoka Chicago ni kama maili 330 (kilomita 530).

Gari la daraja C hutumia galoni 1 kwa takriban maili 10, na galoni ya Marekani ni lita 3.8. Tuchukue familia inayotoka Chicago. Kwenda na kurudi ni maili 660. Ongeza mizunguko, tuseme 750. Hapo utahitaji galoni 75, yaani karibu lita 285. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, uone mwenyewe.

Mafuta si mwisho wa hesabu. Bei inayotangazwa kwa siku aghalabu haijumuishi kila kitu. Uliza kwa maandishi: je, kila maili inalipiwa? Jenereta inalipiwa kwa saa? Vyombo vya jikoni na mashuka ni bure au vya kukodi? Bima inabeba nini, na ukigonga paa ni nani anayelipa? Dhamana ni kiasi gani na hurudishwa lini? Ukilirudisha gari bila kumwaga tangi la choo, faini ni ngapi? Ukipita I-88 kutoka Chicago utakatwa ushuru wa barabara bila kusimama, kwa hiyo uliza pia mwenye gari anavyouhesabu. Kodi ya gari inayoonekana ndogo huweza kukua sana mwishoni, na wengi hujua hayo wakati wa kurudisha funguo.

Njiani kuna vituo viwili vya maana kwa mtokaji Chicago. Cha kwanza ni kile cha malori cha Walcott, karibu na Davenport, kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Kilifunguliwa mwaka 1964, na hapo kuna nafasi tele ya gari kubwa kupumzika. Cha pili kinahitaji kuacha I-80 karibu na Iowa City na kupanda kaskazini hadi Cedar Rapids, mwendo wa kama kilomita 40. Mji huo una msikiti uliojengwa mwaka 1934 na wahamiaji kutoka Lebanon na Syria, unaoitwa Msikiti Mama wa Marekani. Ni mkongwe kuliko yote iliyosimama hadi leo nchini humo miongoni mwa ile iliyojengwa tangu mwanzo iwe misikiti. Ni jengo dogo, lakini mzee wa Mji wa Kale atalielewa mara moja.

Stima, maji na choo

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Stima ya Marekani ni volti 120, si 240 kama yetu. Birika la stima ulilolibeba kutoka Mombasa halitachemsha chai ya maana hata ukipata plagi. Nunua la huko.

Kambini utakuta soketi ya ampea 30 au ya ampea 50. Ya 30 hutoa wati 3,600 kwa jumla. Kiyoyozi cha gari huchukua kama wati 1,500, birika 1,500, na maikrowevu zaidi ya 1,000. Washa vyote vitatu pamoja, swichi itajikata na gari zima litazima. Kanuni ni rahisi: anayechemsha chai asubiri anayepasha chakula amalize.

Gari lina matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuoshea na la choo. Mambo ya kukumbuka ni machache. Mpira wa maji ya kunywa usitumiwe kabisa kwa kazi nyingine. Bomba la tangi la choo lifungwe hadi tangi likaribie kujaa theluthi mbili, ndipo umwage mahali palipotengwa; ukiliacha wazi, maji hutoka na uchafu hubaki ukaganda. Mwaga la choo kwanza, kisha la maji ya kuoshea, ili hayo yasafishe mpira. Vaa glavu. Kutumia maji chooni, kama ilivyo desturi yetu, hakuharibu tangi, tena kunalisaidia, ila litajaa upesi zaidi. Usitupe humo tishu za kawaida za kufutia uso wala nepi.

Gesi ya kupikia ifungwe kabla ya kuingia kituo cha petroli.

Nafasi ya kambi

Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nafasi nyingi ndani ya maonyesho hushikiliwa na familia zinazorudi kila mwaka, na mgeni hugawana zinazobaki. Wasiliana na ofisi ya kambi miezi mingi kabla, uulize utaratibu wa mwaka huo na kama gari la urefu wako litaenea.

Uwe na mpango wa pili. Kaskazini mwa jiji kuna ziwa Saylorville lenye kambi za serikali kuu, ambazo hutolewa kupitia tovuti ya Recreation.gov hadi miezi 6 kabla. Katika mji jirani wa Altoona kuna kambi iliyo karibu na bustani ya michezo ya Adventureland. Ukilala nje, usijaribu kuingia na gari la nyumba kutafuta maegesho ya siku. Shirika la mabasi la DART huendesha mabasi ya kuwapeleka watu maonyeshoni kutoka vituo maalumu vya kuacha magari.

Chakula

Iowa inaongoza Marekani kwa ufugaji wa nguruwe, na idadi yao inawapita wakaazi mara kadhaa. Nyama ya nguruwe kwenye kijiti ndiyo chakula maarufu cha maonyesho, na mafuta ya kukaangia huweza kuwa yale yale kwa kila kitu. Kwa hiyo hata viazi, uliza vimekaangwa na nini. Peremende laini nyingi zina jelatini. Kilicho salama na kitamu ni mahindi ya kuchoma. Wenyeji huyachovya kwenye siagi. Anayetaka ya mtindo wa Mama Ngina abebe ndimu yake na pilipili yake.

Nyama ya halali haiko mbali. Des Moines ilipokea wakimbizi wengi wa Bosnia miaka ya 1990, na leo ina misikiti na maduka ya Wabosnia, Wasomali na wengineo. Nunua siku moja kabla ya kuingia kambini, jaza friji. Usishangae ukisikia Kiswahili sokoni: Wakongomani na Warundi wengi wamehamia Iowa, na ukiwauliza njia watakuelekeza kwa lugha yako.

Kwa wanaosali: katikati ya Agosti jua la Des Moines huzama baada ya saa mbili usiku, basi magharibi huchelewa sana kwa mtu aliyezoea saa kumi na mbili na nusu. Kibla, ambacho kwetu Mombasa ni karibu kaskazini moja kwa moja, kule ni kaskazini mashariki.

Usalama: dhoruba na wanyama

Agosti ya Iowa ni joto la kama nyuzi 29 au 30 na unyevu mwingi. Mtu wa Pwani atajihisi nyumbani mchana. Tofauti ni dhoruba. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali ulilikumba jimbo hilo kwa mwendo uliokadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa katika sehemu ya Cedar Rapids. Mwaka huo maonyesho yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya Korona, la sivyo hadithi ingekuwa nyingine.

Gari la nyumba si kimbilio la dhoruba. Jifunze maneno mawili ya Kiingereza cha huko. Wakitangaza «watch», maana yake hali inaweza kuchafuka: kunja turubai la kivuli, weka viatu karibu. Wakitangaza «warning», hatari imefika: toka garini uingie jengo imara mara moja. Siku ya kwanza kambini, kabla hamjapakua, tembeeni pamoja hadi jengo hilo ili hata mtoto alijue.

Kuhusu wanyama, mwaka 2012 zaidi ya watu 300 Marekani waliugua aina ya homa itokayo kwa nguruwe, wengi wao baada ya kuhudhuria maonyesho ya kilimo. Usile wala usinywe ndani ya mabanda, nawa mikono ukitoka, na wazee, wajawazito na watoto wadogo wasikae kwenye banda la nguruwe.

Jambo hili lina upande wetu pia. Ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo uko Kenya, na Marekani haijaupata tangu mwaka 1929. Ndiyo maana forodha huuliza kama umekuwa shambani au karibu na mifugo. Kama unafuga mbuzi Kilifi, sema ndiyo, na usafiri na viatu visafi visivyowahi kuingia zizini. Nyama kavu na matunda mabichi viache nyumbani. Viungo vikavu vitangaze. Kuficha kunaleta faini. Kutangaza, kibaya zaidi ni kunyang'anywa.

Ratiba ya maandalizi

Mwaka mmoja kabla: pasipoti na maombi ya visa. Usilipe gari wala kambi pesa zisizorudishwa kabla visa haijagongwa.

Miezi 6 kabla: kambi, na ile ya akiba. Tafuta gari pia.

Miezi 3 kabla: bima ya matibabu ya safari. Hili si la kuruka kwa wazee. Usiku mmoja wa hospitali Marekani unaweza kumfilisi mtoto aliyewaalika.

Mwezi mmoja kabla: kibali cha kuendesha, dawa za kutosha ndani ya vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, na tikiti za kuingilia, ambazo hupungua bei zikinunuliwa mapema.

Siku ya kuchukua gari: piga picha kila upande, ndani na paa likionekana. Washa jiko, friji, kiyoyozi na pampu ya maji mbele ya mwenye gari. Usiku wa kwanza laleni karibu na mlipolichukulia, ili kitakachoharibika kirekebishwe kabla hamjafika mbali.

Siku mbili au tatu ndani ya maonyesho zinatosha. Siku 11 ni za wenye mifugo. Mpangeni na wajukuu nani ataangalia nini. Babu aliyefuga ng'ombe ana mengi ya kumfunza mtoto aliyezaliwa Chicago mbele ya zizi la mashindano: jinsi ya kumtambua ng'ombe wa maziwa kwa kiwele chake, umri kwa meno yake. Hilo ndilo jembe la mgeni wa siku ya tatu.

Na ikiwa mwaka huu Iowa imepita, Minnesota huwa na maonyesho yake makubwa ya siku 12 yanayoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa chache tu kwa barabara ya I-35. Hesabu na tahadhari ni zile zile.